Kumi na Tatu, Si Kumi na Nne

Upepo ulipotoka upande wa viwanda vya pombe kali, mtaa wetu wa Shively, pale Louisville, ulinuka nafaka iliyochachuka. Majirani walisema hawaisikii tena harufu ile. Mimi niliisikia kila asubuhi, na kila asubuhi ilinirudisha kwenye mtumbwi wa mbao ambamo mama yangu, M'Cirhuza, alikandia ndizi za kasiksi, pombe yetu ya kule milima ya Kaziba, Kivu ya Kusini. Watu husema uzee ni utoto wa pili. Basi utoto wangu wa pili niliuanza hapo, katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, majira ya majani kuanguka: sijui kusoma vibao, sijui kuvuka barabara, nashikwa mkono na mjukuu. Na kama utoto wa kwanza, ulijaa woga. Nitausimulia huo wa pili, lakini hautaeleweka bila kuugusa wa kwanza.

Nilisoma darasa la kwanza na nusu ya la pili, kwa mwalimu Bisimwa, aliyetufundisha kuhesabu kwa vijiti vya mtama. Siku nilipovuka kumi nilirudi nyumbani mbio. Watu wanakula, mimi nikasimama, nikawaelekezea ndugu zangu kidole mmoja mmoja: Cibalonza, Mugisho, Nabintu, Cito, Zihalirwa, Nsimire mdogo mgongoni kwa mama, na mimi mwenyewe. "Saba," nikasema kwa sauti, nikingoja sifa. Mama aliniziba mdomo kwa kiganja chenye unga. Nyumbani kwetu ng'ombe hawakuhesabiwa, sembuse watoto. Mchungaji alijua kundi lake kwa majina na rangi. Jioni aliita, na asiyeitika ndiye aliyepotea. Ukitaja idadi, umekiambia kifo kuna nini ndani ya nyumba. Mtama haujavunwa, surua ikapita milimani, ikamchukua Nsimire. Hakuna aliyenilaumu. Mama alinitoa shuleni tu, kimya kimya, nami sikuuliza kwa nini.

Toka hapo sikumhesabu mtu. Nikashika majina. Wote tuliovuka nao ziwa, wote tuliolala nao hema moja, nawajua kwa majina yao na ya baba zao. Pale Louisville, dada wa ofisi ya wakimbizi aliponiuliza tuko wangapi nyumbani, nilimwambia: Byamungu mwanangu, Riziki binti yake, na mimi. Akauliza tena, wangapi? Nikayarudia majina polepole zaidi, nikidhani ana shida ya kusikia. Mwishowe alihesabu mwenyewe kwa kalamu, nami nikageuza uso.

Riziki alikuwa na miaka kumi na mitano. Mama yake alitutoka kambini, kwa hiyo alilala chumba kimoja na mimi, akiniita Tate, ndivyo tunavyowaita bibi na babu kwetu. Kambini alicheza mpira peku na wavulana, mpira wa mifuko ya plastiki iliyofungwa kamba. Kumbe mguu ule umeonekana. Siku moja alirudi kutoka shule na kofia ngumu yenye vyuma usoni, na fulana pana yenye namba saba mgongoni.

"Tate, nimechukuliwa timu. Ule mpira wao wa Kimarekani. Mimi ni wa kupiga teke tu."

"Na hiyo iliyo mgongoni?"

"Namba yangu. Uwanjani wanatuita kwa namba."

"Jina lako wamelipeleka wapi?"

Alicheka. Mimi nilikaa kitandani. Saba, na mgongoni. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Byamungu, aliyekuwa akitoka kazini ghalani amechoka mpaka ulimi, alisema, "Bon, Mama, ni mchezo. Acha mtoto acheze." Kanisani nako hawakunisaidia. Mama Deborah, mwenye gari, Kiingereza na mdomo, alinisubiri mlangoni. "Mama Byamungu, huyo binti anayepiga mateke katikati ya wanaume, nani atamwoa?" Nikamjibu, "Atakayejua kukwepa." Alicheka sana, na toka siku ile akawa anatupeleka uwanjani kila Jumamosi kwa gari lake, labda kutafuta mengine ya kuchekea.

Nilimwambia Riziki aache. Hakunibishia. Alisema, "Tate, unaogopa kitu usichokijua. Jifunze kwanza pointi zinavyopatikana. Ukishajua, na bado ukasema niache, nitaacha." Nilikubali, jibu nikiwa nalo tayari mfukoni. Akamwaga maharage mezani. Maharage hayana roho, hayo niliweza kuyahesabu. Anayeubeba mpira mpaka akaingia nao nyuma ya mstari wa mwisho wa wenzake, timu yake hupewa sita. Nikasema, huyo ni ng'ombe aliyeingia zizini. Akiisha kuingia, wanaruhusiwa kuongeza: wapige teke, mpira upite katikati ya milingoti miwili mirefu, wapate moja, au wajaribu kuubeba tena, wapate mbili. Huyo, nikasema, ni ndama anayemfuata mamaye. Njia ikizibwa, wanaweza kupiga teke kutoka mbali, wakapewa tatu. Hapo niliona haki: aliyefika mwenyewe msibani na aliyetuma salamu hawapewi sahani moja. Na ukiangushwa ukiwa na mpira nyuma ya mstari wako mwenyewe, jirani anapewa mbili, na mpira anapelekewa yeye.

"Hiyo si pointi, hiyo ni aibu," nikasema, na Riziki alicheka mpaka maharage yakaanguka chini.

"Na teke likigonga mlingoti?"

"Likigonga likarudi, hakuna kitu. Mlingoti hautoi nusu, Tate."

Jumamosi zikaanza. Namba zao nilizikataa; nilimwagiza Riziki aniletee majina, nikayashika yote: Deshoni wa mabega, Maliki wa mbio, mapacha Jeremi na Joeli, Taironi anayetafuna kucha. Uwanja ulinuka nyasi zilizokatwa na bisi za siagi. Lakini kofia zilipogongana zilitoa mlio wa vibuyu vikavu, na kwa kila mlio mimi nililitaja jina la aliyeanguka, chinichini, mpaka asimame. Nilijua sasa kwamba mpiga teke la ndama analindwa. Ni kosa kumgonga. Kitu ambacho Riziki hakuniambia mezani nilikiona kwa macho yangu: kila baada ya ng'ombe kuingia, yeye ndiye anayepiga mpira mbali kuwapelekea wageni, nao wanaurudisha mbio, na hapo halindwi na mtu.

Basi ikaja Jumamosi moja ya baridi. Ilikuwa mechi ya timu ya pili, kwenye uwanja mdogo usio na ubao wa kuonyesha pointi, kwa hiyo nilizishika kichwani. Maliki aliingia zizini, sita. Riziki akapiga, katikati kabisa, moja. Wageni wakapata sita na moja yao, kisha tatu kutoka mbali. Deshoni akaingia, sita. Riziki akapiga, mpira ukagonga mlingoti wa kushoto, ukarudi. Nilimwona akishika kofia kwa mikono miwili. Kisha akaupiga mpira mbali, na kijana mmoja wa wageni, ambaye jina lake sikuwahi kulijua na mpaka leo linanisumbua, akaudaka, akawapita wote. Akabaki Riziki peke yake. Alisimama njiani. Nikasikia vibuyu. Alianguka chali, kisogo kikapiga chini.

Nilisema jina lake mara nyingi. Alisimama. Msaidizi wa kocha alimwonyesha dole gumba, naye akamrudishia dole gumba. Nikashuka mpaka kwenye uzio.

"Umeumia?"

"Niko sawa, Tate."

"Tuko ngapi?"

"Kumi na nne."

Nilidhani ananitania. "Teke lako la mwisho lilikwenda wapi?"

"Katikati," akasema, akinitazama kwa macho matulivu, macho ya mtu asiyeficha kitu.

Mama Deborah alicheka nyuma yangu. "Muache, Mama Byamungu. Donc, mtoto ana aibu na teke lake."

"Huyu hadanganyi pointi."

"Kila aliyekosa hudanganya."

Nikakinyoosha kidole kile kile cha utotoni, nikamwelekezea mtoto wangu, nikahesabu kwa sauti mbele ya watu. Sita. Moja. Sita. Kumi na tatu. "Riziki, mlingoti hautoi nusu."

"Mlingoti gani?" akaniuliza.

Kofia alikuwa ameiweka juu ya benchi, upande wa pili wa uzio. Nilipitisha mkono, nikaichukua, nikaiweka chini, nikaikalia, nikaifunika kwa kitenge changu. Msaidizi alikuwa anamwita Riziki ajiandae. Mama Deborah alinivuta bega. "Simama, Mama, watu wanatazama."

"Waje waniinue."

Akaja kocha mwenyewe, mtu mnene wa sauti ndogo. Mama Deborah alimweleza kwa haraka, uso umemwiva. Kocha alitabasamu, akasema naye ni aibu tu ya teke, hutokea. Nikamwonyesha vidole vyangu. "Mwambie sijui Kiingereza chake. Lakini huyu ndiye aliyenifundisha hesabu hii. Mwalimu hawezi kulisahau somo kabla ya mwanafunzi." Mama Deborah hakucheka alipoyatafsiri hayo. Kocha aliinama, akamuuliza Riziki tunacheza na nani leo. Akataja timu ya wiki mbili nyuma. Kocha alivua kapelo yake, akapunga mkono kumwita daktari.

Riziki alitapika njiani. Hospitalini walisema ubongo umetikisika, na kwamba kama angerudi uwanjani akagongwa mara ya pili siku ile ile... Daktari hakumalizia, au mkalimani kwenye simu hakutaka kumalizia. Wakampa wiki za kukaa gizani, bila simu, bila kitabu. Nilikaa naye nyuma ya mapazia yaliyofungwa, na hizo ndizo siku nilizoogopa kuliko nilipokuwa chini ya risasi. Nilikuwa nimemhesabu mtoto hadharani, kwa kidole. Nilikuwa nangoja, kama mwaka ule wa mtama na Nsimire. Kila alipolala mchana nilimwekea kiganja puani. Sikumwambia mtu, hata Byamungu. Mpaka asubuhi moja upepo uligeuka, akakunja uso kitandani, akasema, "Tate, leo mtaa unanuka." Nikajua amenirudia; nilitoka, nikaenda kulilia bafuni, maji yakiwa wazi ili asinisikie.

Alipopona aliniuliza, "Sasa unajua. Niache?" Nikamwambia, "Najua, na bado naogopa." Kisha akairudisha kofia shuleni Jumatatu, kama alivyoahidi. Teke lile la mlingoti halijamrudia kichwani mpaka leo. Analijua kwa sababu nimemsimulia.

Sasa yuko Columbus, anatunza wazee kwenye makao yao, na huwaita wote kwa majina. Mimi nimehamia kwa binti yangu, niliyempa jina la dada yangu Nabintu, huku Cheektowaga, karibu na uwanja wa ndege wa Buffalo, kwenye theluji inayofika dirishani. Watu wa huku wanaupenda mpira ule kama dini. Nikienda Grant Street kununua sombe ya majani ya muhogo na samaki wakavu, muuza duka huniuliza pointi za jana, nami humweleza ng'ombe na ndama mpaka wateja wanageuka. Mama yangu hakupata mjukuu wa kummwagia maharage mezani. Aliogopa kwa kile alichokijua, akaniziba mdomo kwa kunipenda, na nisingetaka leo kumwambia kwamba alikosea, maana hata mimi sina hakika. Karatasi za ofisi bado nazijibu kwa majina.

Lakini Jumamosi Riziki akipiga simu, kabla ya salamu, humuuliza tuko ngapi. Hunyamaza kidogo, labda anahamisha simu sikio, labda anafunga mlango. Ukimya huo ni mfupi, na kila wiki hunikuta nimeshika ukingo wa meza.

"Kumi na tatu, Tate."

Ndipo namwambia shikamoo yake nimeipokea, na kwamba anaweza kuendelea.