Ungo wa Mama Zuhura

Nilipokuwa darasa la tatu, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tuliishi kwa shosho, nyanya yangu, kule Waithaka, kwenye ploti yenye nyumba za mabati alizokuwa akipangisha. Mpangaji wa chumba cha mwisho alikuwa Mama Zuhura, mwanamke wa Tanga aliyeuza vitumbua langoni kila asubuhi. Nilimpenda, na nilipenda zaidi maneno yake. Koroboi yetu yeye aliiita kibatari. Slipas aliziita ndala. Siku moja aliniomba karai akaange samaki, nikampelekea karai yetu, ile ya kuoshea miguu. Alicheka hadi akakaa chini.

Kwa hivyo Jumamosi moja aliponiambia, "Mwanangu, nenda kwa bibi yako ukaniazimie ungo," ningeweza kuuliza tu ungo ni nini. Sikuuliza kwa sababu nilidhani najua. Wiki hiyo hiyo tulikuwa tumetazama kwa jirani filamu ya Tanzania ambamo mchawi alipaa juu ya nyumba za watu akiwa ameketi kwenye ungo. Televisheni yenyewe ilikuwa mbovu. Ungo nilioona mimi ulikuwa kivuli cha mviringo tu.

Sikwenda kwa shosho. Nilienda mferejini, ambako wasichana wakubwa walikuwa wakichota maji. Kwa kawaida hawakunisemesha. Siku hiyo nilipowaambia nimetumwa ungo, waliweka mitungi chini. Wanjiru, aliyekuwa mkubwa wao, akauliza, "Na alikuambia ni ya nini?"

Nikaona wote wananisikiliza, nikaongeza langu. "Alisema nisiambie mtu."

Kufikia Jumatatu, vitumbua vilirudi ndani vikiwa vimejaa beseni. Jumatano, mtoto wa Mama Kevo, aliyepanga chumba cha pili, alishikwa na homa kali hadi akageuza macho. Alipelekwa hospitali na akapona, lakini kabla hajarudishwa nyumbani wanawake wa ploti walikuwa wameshasimama mlangoni pa Mama Zuhura, na shosho ameitwa kama mwenye nyumba.

"Ungo ni wa kupepetea mchele, mama," Mama Zuhura alimwambia shosho. Mikono yake ilikuwa na unga. "Wangu umetoboka."

Shosho aliingia jikoni kwake, akatoka na gitaruru, kile cha kusukwa alichopepetea maharagwe. "Ni hii unaita ungo?"

"Ndio huo."

Mtu akacheka nyuma yangu. Niliona mambo yamekwisha. Lakini Mama Kevo, aliyekuwa ametoka hospitali mara moja kuchukua nguo za mtoto, hakucheka.

"Kama ni ya mchele, mbona alimwambia mtoto asiambie mtu?"

"Sikumwambia hivyo," Mama Zuhura alisema.

Wote wakanigeukia. Yeye pia alinitazama, bila hasira yoyote, kama mtu anayengoja nduguye amtetee. Shosho aliinama akaniuliza polepole kama kweli niliambiwa vile. Ningeweza kutikisa kichwa tu. Wanjiru alikuwa amesimama pale pale, ananiangalia.

"Ndiyo," nikasema.

"Mjukuu wangu hadanganyi," shosho akawaambia wanawake.

Hakuna aliyemgusa Mama Zuhura. Ni kwamba tu hawakununua vitumbua vyake tena, na watoto wakavutwa mkono kila walipopita mlangoni pake. Alihama mwisho wa mwezi, asubuhi, nikiwa shuleni. Shosho alinisimulia jioni kwamba alikiacha chumba kimefagiliwa, na kwamba aliuliza kama nimeshaondoka. Sijui alitaka kuniambia nini.

Nimekisimulia kisa hiki mara nyingi, kwenye harusi na kazini, kama kichekesho cha Wakenya na Watanzania wasioelewana kwa vyombo vya jikoni. Watu hucheka sana. Huwa naishia pale shosho anapotoka jikoni na gitaruru mkononi.

Mwezi uliopita, mfanyakazi mwenzangu mmoja, msichana mpole, hakucheka na wengine. Aliuliza, "Na yule mama aliendelea kuuza vitumbua?"

Nikamwambia ndiyo, aliendelea. Nilipofika nyumbani nilikaa kitandani na viatu vyangu miguuni. Pale mlangoni pa Mama Zuhura nilikuwa mtoto na nilikuwa naogopa. Huyu msichana sikuwa na sababu ya kumwogopa.