Tovuti Niliyomchagulia Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa kike alifeli Biolojia kidato cha nne, akaolewa, akazaa watoto wawili, na alipopita miaka thelathini akaniambia bado anataka kuwa muuguzi. Wakati huo alifanya kazi Geita, mwaloni, mahali wanaposaga na kuosha mawe ya dhahabu. Chuo kilikuwa tayari kumpokea endapo angefaulu somo hilo moja, naye alikwisha kujiandikisha kulirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea.

"Kaka, msomi ni wewe. Nitafutie mtandaoni pa kusomea."

Niliifanya kazi hiyo nyumbani kwangu Nyasubi, mjini Kahama, kwa muda usiotosha hata kuivisha maharage. Nilipata tovuti yenye mpangilio mzuri na Kiingereza safi, isiyo na matangazo ya kamari, na juu yake picha ya wanafunzi waliovaa sare. Nilisoma sura ya kwanza, sikuona kosa, nikamtumia. Nakiri kwamba kilichoniridhisha ni kufanana kwake na vitu nilivyozoea kuviheshimu.

Miezi miwili baadaye alikuja kwangu. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki tano.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Masomo yanaendaje?"

Alinipa simu yake. Katika sura ya mzunguko wa damu iliandikwa kwamba ateri huirudisha damu kwenye moyo, kazi ambayo ni ya vena. Mbele zaidi, majibu ya mazoezi yalikuwa ya maswali mengine kabisa.

"Hii uliipima wapi?"

"Nilisoma mwanzo."

"Mwanzo tu? Mayo wane, mama yangu! Kaka, wewe ukija mwaloni utauziwa kokoto."

Akanieleza kwamba wauzaji hupanga mawe mazuri juu ya kiroba. Kwa hiyo wanunuzi huchota juu, katikati na chini, wakasaga kidogo, wakaosha kwenye karai, ndipo wanapokubali mzigo.

"Mbona hii hukuichota mapema?" nilimuuliza, nikijitetea.

"Si uliichagua wewe?"

Miezi miwili ya mtu anayesoma akiwa hoi kwa kazi niliipoteza mimi, kwa sababu ya picha ya sare.

"Nitakutafutia nyingine," nilisema.

"Hunitafutii. Leo tunaosha wote."

Tulikaa mezani mchana kutwa, kitabu cha kiada katikati yetu. Kila tovuti tuliichota mara tatu: mada ya mwanzoni, ya katikati na ya mwishoni, tukilinganisha na kitabu. Mimi nilitafuta jina la mwandishi na muhtasari wa somo anaoufuata. Yeye alitaka kuona kama jibu linaeleza sababu. Nne zilianguka. Ya tano ilikuwa na maandishi ya njano juu ya kijani, nikataka kuiruka.

"Acha ubaguzi," aliniambia.

Ikafaulu kote. Mwalimu aliyeiandika alikuwa hata ametaja kosa lake la zamani na tarehe aliyolisahihisha. Hiyo ndiyo aliyoisomea kwa wiki tano zilizobaki.

Matokeo yalipotoka alinipigia akiwa kazini, mashine za kusaga mawe zikinguruma nyuma yake.

"D, kaka!"

Nikaanza kumfariji, kwamba miezi ile miwili ilikuwa kosa langu, kwamba angeweza kurudia tena.

"Pole ya nini?" alipaza sauti. "D wanapokea! Naripoti chuo mwezi ujao."