Zulia la Mbele

Jana pale Makupa gari lililokuwa mbele yangu lilianza kutoa mvuke, na harufu tamu ya dawa ya rejeta ikaniingia puani. Nilikunja miguu bila kukusudia.

Nilipokuwa mdogo, gari la baba lilikuwa likiishiwa na maji ya rejeta kila baada ya siku mbili, na chini hapakuwa na hata tone. Baba alimshuku mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa fundi wetu, kwamba humlipisha bila kulitengeneza. Zulia la mbele, pale nilipokuwa nikiweka miguu, nalo lililowa kila siku. Kwa hilo alinishuku mimi.

"Msichana mzima, miaka saba, wajikojolea garini," alisema, akaniamuru nilifue barazani watu wakipita.

Mama alimwita mjomba. Alikuja Ijumaa baada ya sala, wala hawakutoleana salamu na baba. Mjomba alilibonyeza zulia, akanusa kidole, kisha akapitisha kitambaa kwenye ukungu wa kioo cha mbele.

"Maji yavujia humu ndani, kwenye hita ya kupasha joto," alisema. "Mtoto hakukojoa. Nami sikukuibia, shemeji."

"Nani Mombasa atumia hita?"

"Hata usipoiwasha, maji yapita humo."

Baba aliinama, akanusa mwenyewe. Tulimsubiri. Alijifuta mkono, akamwambia mama, "Mwambie kaka yako aifunge hiyo mipira ya maji ya hita, aende zake."

Mjomba aliifunga, akaenda. Maji hayakupungua tena.

Jumatatu asubuhi baba alinifungulia mlango wa mbele. Nilimpita, nikafungua wa nyuma mwenyewe.