Mimi Nilikuwa wa Breki

"Wewe ndiye wa breki?"

Niligeuka. Nilikuwa kaunta ya duka la spea, nasubiri masta silinda, ile pampu ya oili ya breki. Nyuma yangu kasimama jamaa mrefu, kucha zimejaa grisi kama zangu, ananitazama kama mtu aliyekuja kunipa pole ya msiba.

"Breki gani, kaka?"

"Za lile gari la zamani la bluu. Kwa yule mzee mwenye binti."

Nikacheka. Nikamwambia ndiyo ni mimi, na huyo binti ni mchumba wangu.

Jamaa akanishika bega.

"Pole sana. Mimi nilikuwa wa injini."

Jamani, acheni nianze mwanzo, maana hata sasa nikikumbuka damu inanichemka.

Mimi ni fundi magari. Huyo dada alikuja gereji kwangu kuuliza kwa nini gari la kwao linavuta kushoto likishikwa breki. Nikamweleza kwamba magari ya umri ule yana breki za dramu magurudumu yote manne. Ukishuka mlima mrefu zinapata moto, unakanyaga, na gari linaendelea na safari zake kama hujaliambia kitu. Dawa yake ni kulifungia diski mbele.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza na maswali. Hakuna mwanamke aliyewahi kunisikiliza vile nikiongea habari za breki.

Nikafa, nikaoza.

Haikupita muda tukawa wachumba, akanipeleka kwao nikajitambulishe. Baba yake alinikalisha sebuleni, akanipima juu mpaka chini.

"Pesa yako sina shida nayo," akasema. "Maneno matamu kila mtu anayo. Mimi nataka kuona mikono. Lifanye gari langu lisimame, ndipo tuongee habari za harusi."

Mchumba wangu alikaa pembeni, macho chini, anachezea kona ya kitambaa cha meza. Nikasema moyoni, tazama binti mwenye adabu!

"Mzee wangu, hilo ni dogo."

Dogo wapi! Kulitoa gari kwenye dramu ukalipeleka kwenye diski si kama kubadilisha balbu. Unahitaji habu, diski, na kalipa za kuzibana hizo diski, zote zinazokubali miguu ya gari lile. Masta silinda ya zamani haifai, maana inabakiza presha kwenye mabomba, pedi zinang'ang'ania diski mpaka zinaungua. Na busta lazima uweke, la sivyo dereva atakanyaga mpaka goti limuume. Nilizunguka maduka yote ya spea. Kila mahali nachekwa. Gari lenyewe hata aliyelitengeneza kalisahau.

Ndipo nikalikumbuka gari langu.

Lilikuwa la kampuni ileile, toleo la baadaye, na mbele lilikuwa na diski. Ndilo lililonipeleka kwa wateja walioharibikiwa njiani. Kwa kifupi, ndilo lililonilisha.

Nikalipandisha juu ya mawe. Nikalivua diski, kalipa, busta, vyote. Jirani yangu fundi wa matairi akaja kusimama mlangoni.

"Wewe umerogwa?"

"Napenda, bwana."

"Ni kitu kilekile," akasema, akarudi kwenye matairi yake.

Ikabaki masta silinda tu. Ndiyo iliyonipeleka duka lile, nikakutana na huyo wa injini.

Alinivuta nje, akanieleza. Aliifungua injini ile yote, akaweka pistoni mpya, akafanya na klachi. Siku iliponguruma vizuri, mzee akamwambia hana adabu, amekohoa mezani, uchumba basi. Kabla yake kulikuwa na wa rangi. Huyo kosa lake alicheka kwa sauti.

"Ukimaliza kazi tu, kosa lako linapatikana," akasema.

Nikamwambia ana wivu. Nikamwambia kama aliachwa, akalie kwao. Nikaongeza mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa, watoto wanasoma.

Hakukasirika.

"Hata mimi nilimtukana wa rangi," akasema, akaenda zake.

Nilikwenda moja kwa moja kumuuliza mchumba. Machozi yakamtoka kabla sijamaliza.

"Yule alikuwa ananisumbua tu! Kwa hiyo unamwamini mtu wa dukani kuliko mimi?"

Unajua aliyeomba msamaha ni nani? Ni mimi.

Tukaendelea. Breki ukishazifunga lazima utoe upepo kwenye mabomba, na hiyo ni kazi ya watu wawili, mmoja anakanyaga pedeli, mwingine anafungua na kufunga skrubu kule kwenye gurudumu. Mchumba akasema atanisaidia. Akapanda kwenye usukani, mimi nikaingia chini.

Nikafungua mdomo nimwelekeze. Wapi! Alishakanyaga mara tatu, ameshikilia, ananiambia, "Fungua."

"Umejifunzia wapi, mpenzi?"

"Si nakutazama wewe."

Weee! Oili ya breki inanichuruzikia kwapani, mgongo uko kwenye kokoto, na mimi nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Kumbe klachi nayo hutolewa upepo vilevile. Wa injini alishamfundisha.

Siku ya kulijaribu, mzee akakataa nisiendeshe mimi. Nikakaa pembeni yake. Mkanda wa kujifunga lile gari halikuwahi kuwa nao.

"Mzee wangu, hizi gusa taratibu. Si kama zile za zamani."

"Unanifundisha gari langu?"

Amekanyaga dramu maisha yake yote, na dramu zilizochoka hukanyagwa kama unaua nyoka. Tulipofika njia panda akakanyaga hivyohivyo.

Gari lilisimama palepale. Halikuvuta kushoto, halikuvuta kulia. Mzee ndiye hakusimama. Alikwenda na paji la uso mpaka kwenye usukani.

Nisamehewe, lakini nilichofikiria kwanza ni, kazi nzuri hii.

"Umetaka kuniua!" Nundu ilikuwa inakua huku naitazama.

"Mzee, nilikuambia..."

"Na unanijibu! Nenda zako. Harusi hakuna."

Nilipiga magoti nje ya geti lao, mtu mzima mimi, na watu wanapita. Nikamwomba, basi angalau nifungue diski zangu, gari langu liko juu ya mawe. Akaniambia kilichofungwa kimefungwa.

Nikabeba jeki yangu, nikaondoka. Nikasikia mtu anakimbia nyuma yangu. Ni yeye! Moyo ukaruka.

"Twende," nikamwambia. "Tutaishi hata chumba kimoja. Baba yako atapoa tu."

Hakuwa analia. Alikuwa ameshika spana yangu niliyoisahau.

"Usimlaumu baba," akasema. "Gari si lake. Ni langu, aliniachia mama. Baba ananisaidia kusema hapana tu. Mimi sipendi kugombana na watu."

Nikaiweka jeki chini.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa nani kwako?"

Akafikiri. Alifikiri kwelikweli, na hapo ndipo paliponiuma.

"Fundi mzuri," akasema. "Usijali, nitakukumbuka kila nikisimama."

Akanipa spana, akarudi ndani.

Nililia. Sioni haya kusema. Nililia siku nyingi, na wateja wakaenda kwa mafundi wenye gari.

Juzi nilikuwa navuka barabara kwa miguu, mawazo yamenizidi, sikutazama. Nikasikia matairi. Gari la bluu likasimama mbele ya magoti yangu, limenyooka, bila kuyumba. Ndani ni yeye. Pembeni yake kijana mmoja mtanashati, anatabasamu, amekumbatia roli la ngozi ya kushonea viti.

Nikamtazama yule dada. Naye akanitazama kama anavyotazamwa mpita njia yeyote.

Akanipungia mkono nipite.

Nikapita.

Wenzangu, sisemi msipende. Mpende mtu, mfanyie kazi, lala chini ya gari lake, chafuka. Ila gari linalokulisha usilivue breki kwa ajili ya mtu. Langu bado liko juu ya mawe.