Mlio wa Pikipiki ya Mdogo Wangu

Kukaa na kusubiri mimi siwezi. Mama husema nilizaliwa mkunga hajanawa mikono. Basi fikiria hali yangu, fremu ya kigari cha mashindano imesimama nyuma ya karakana yangu hapa Gitega, mabomba yamechomelewa, matairi yamefungwa, injini hakuna. Nilikuwa naamka, naizunguka, nagombana na kila anayepita.

Injini nilijua iko wapi. Ilikuwa Gashoho, kule Muyinga, nyumbani kwa mama, ndani ya pikipiki ya mdogo wangu. Kigari tulikianza pamoja, yeye na mimi, halafu malaria ikamchukua hata kiti hatujaweka. Pikipiki aliyokuwa anabebea abiria ikabaki imeegemezwa ukutani, na hakuna aliyeigusa mpaka tulipofanya kuganduka, sherehe ya kumaliza msiba. Siku hiyohiyo, wageni wangali wanakunywa pombe ya ndizi, nikamwomba mama.

"Kumbe ndiyo maana hukai," akasema. "Ichukue. Lakini ukiiwasha, niisikie. Mimi nikiisikia kwenye kona ya chini nilikuwa nabandika maji ya ugali, akifika mwenyewe anakuta yanachemka. Usinipotezee mlio huo."

Nikasema sawa. Ningesema nini siku kama ile?

Kuingiza injini kwenye fremu ilikuwa vita. Injini ya pikipiki imezoea kupigwa na upepo, ukiificha nyuma ya mgongo wa dereva inapata moto kupita kiasi. Mnyororo nao haukutaka kunyooka na ekseli. Jirani yangu mchomeleaji akawa ananicheka: "We kaka, hii moteri iko nakataa gari. Doucement, polepole." Simsikii. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu lilikuwa linauma tayari. Nikakata, nikahamisha, nikakata tena. Ekzosi ya zamani, iliyotoboka na kufungwa waya, ikakosa nafasi, nikatengeneza nyingine fupi, iliyonyooka. Tulipowasha, mabati ya karakana yalitetemeka. Nilifurahi kama mwehu. Nikampigia mama, nikaielekeza simu kwenye ekzosi.

Akauliza: "Hiyo ya nani?"

"Ni ileile, mama."

"Siyo. Ile naijua."

Nilikasirika kweli. Mashindano ni Jumapili, petroli mjini haipatikani, kidumu nilichonacho nimekihangaikia mpaka nikakosana na watu, halafu mama ananiletea habari za mlio! Nikaketi kula, nikainuka sahani ingali imejaa. Nikatoka, nikarudi, nikatoka tena. Mwishowe nikachukua tindo, nikaing'oa ile ekzosi mpya, nikairudisha ile mbovu pamoja na waya wake, na bodi nikaikata ubavuni ili ipate pa kutokezea. Nguvu ikapungua. Niliisikia ikipungua. Mchomeleaji akashika kichwa.

Ijumaa tukakipakia kwenye pikapu mpaka Gashoho. Kwenye kona ya chini nikamwambia dereva asimame, tukakishusha. Nikamimina kidumu chote, maana sikuwa na hakika tanki lingenifikisha juu, nikawasha, nikapanda kilima polepole, magoti yakikaribia kidevu.

Uani hapakuwa na mtu. Jikoni moshi ulikuwa unatoka. Mama akatokea na unga mikononi, akaniona nimekaa karibu na ardhi ndani ya lile dude, akaketi kizingitini akaanza kulia. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akilia hivyo. Na mimi nikalia. Nikanyoosha mkono nizime.

"Usizime," akasema.

Petroli yote ya mashindano ilikuwa mle ndani. Sikuzima. Mimi nisiyeweza kukaa, nilikaa pale mpaka injini ikakohoa, ikanyamaza yenyewe. Kisha mama akainuka, akaenda kuongeza maji kwenye sufuria, kwa sababu yale ya kwanza yalikuwa yamekauka.