Paka Waliokataa Kucheza

Kilichompeleka shangazi yangu kwenye kituo cha wanyama ni kochi, si huruma. Kituo kile huokota mbwa na paka waliotupwa na kuwatunza mpaka wapate watu wa kuwachukua, na kochi la pale mapokezi lilikuwa limeparuliwa na makucha mpaka sponji ikamwagika nje. Shangazi akaitwa alivishe upya. Mwenye pikapu ni mimi, kwa hiyo siku ya kulirudisha nilishika upande mmoja na yeye upande wa pili, naye njia nzima ananigombeza kwamba nabeba kochi kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu.

Mtaani wanamwita Mama Makochi. Alianza tangu usichana wake akimshonea foronya fundi mmoja mzee. Mzee akafariki, wateja wakabaki. Karakana yake ina mlango wa bati, meza ndefu ya kukatia, marobota ya vitambaa yaliyosimamishwa kwenye kona, na harufu ya gundi inayokuganda mpaka nyumbani kwako. Anaishi chumba cha nyuma. Ni mdogo wa umbo. Ukimdhulumu yeye mwenyewe atasema "Mungu yupo," ataendelea kushona. Lakini ukimdhulumu mwingine mbele yake, umechokoza nyuki. Niliwahi kumwona akimfuata mlinzi wa soko, jitu refu kama mlingoti, kwa sababu lilimsukuma kiziwi ambaye hakusikia filimbi. Hakumgusa hata ukucha. Alimsema tu. Mpaka leo mlinzi yule akimwona kwa mbali hukumbuka ana kazi upande wa pili wa soko.

Basi tukalitua kochi pale mapokezi. Shangazi akapiga magoti kukaza kitambaa cha chini, misumari midogo imejaa mdomoni kama ilivyo desturi ya mafundi wa makochi. Akaingia bwana mmoja, miwani ya jua kichwani, boksi kwapani. Akaliweka boksi mezani kwa mlezi wa kituo, mama wa makamo aliyevaa mabuti ya mpira.

"Dada, hawa paka wenu wabovu," akasema.

"Wana nini?"

"Hawana kitu, ndiyo shida yenyewe. Hawachezi, hawashikiki. Tangu tuwachukue wako nyuma ya friji. Mwanangu alikuwa na sherehe ya kuzaliwa, wageni wamejaa, tunataka apige nao picha, paka hawatoki! Nikawatoa kwa fagio, mmoja akanikwaruza. Ona." Akainua kidole. "Nibadilishie. Nataka wanaochangamka."

Nilichungulia ndani ya boksi. Paka wawili wachanga, mmoja wa kijivu na mmoja mweusi mwenye kifua cheupe, walikuwa wamebanana kwenye kona, mmoja amemlalia mwenzake, vichwa wameviingiza chini ya matumbo. Walikuwa wanatetemeka mpaka boksi lenyewe likawa linatetemeka.

Shangazi akaitema misumari kiganjani. Nikajua mambo yameharibika.

"Uliwatoa kwa fagio?"

Bwana Miwani akageuka, akatazama juu, kisha akatazama chini, shangazi alikopiga magoti. "Samahani?"

"Nauliza, kwa fagio?"

"Sikuwapiga, mama. Niliwasukuma tu."

"Na wewe ukiingizwa nyumba usiyoijua, wenyewe wakubwa kama minara, wakufungulie muziki, halafu mtu akusukume kwa fagio uje upigwe picha, utacheka?"

"Mama, wewe shona makochi yako."

"Nashona. Na kochi likirudishwa kwangu, la kwanza namuuliza mwenyewe alilikaliaje."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bwana huyu hakuwa na subira hata ya kungoja jembe. Alitaka mgeni afike leo na leo hiihii akate viuno mbele ya watu. Akamwambia mlezi kwamba hakuja pale kutukanwa, na akaondoka bila kupewa paka wengine. Hata boksi hakulitupia jicho la mwisho.

Nilidhani yameisha. Kumbe zamu ya mlezi ilikuwa imefika.

"Na wewe," shangazi akamwambia, bado amepiga magoti. "Ulimwambia kwamba hawa ni waoga, kwamba wanataka muda?"

Mlezi akashusha pumzi. "Nikiwaambia watu hivyo hawawachukui, mama. Watu huwapenda wale wanaokuja wenyewe kwenye waya wa kizimba. Hawa hawaji. Na hii si mara ya kwanza kurudishwa."

"Ndiyo maana wanarudi! Unawadanganya watu, watu wanawachoka, wanaoumia ni hawa."

"Nafasi sina. Mbwa wamelala mpaka stoo. Huyu wa kijivu labda atapata mtu. Mweusi kuna mwenye ghala anayetaka paka wa panya, nafikiria nimpeleke huko."

"Umtenganishe na mwenzake?"

 Mlezi alikuwa analipangusa boksi kwa kiganja, kwenye kona ileile, kama anayetaka kufuta kitu. Nadhani hata yeye alikuwa na uchungu, ila wa kwake ulikuwa umechoka kuliko wa shangazi.

Shangazi akasimama, akajikung'uta magoti. "Haya, niulize maswali yako yote unayowauliza watu. Naishi wapi, naishi na nani, kwangu kuna mbwa au hakuna. Nakwenda nao."

Hajawahi kufuga hata kuku.

Kwa muda mrefu baada ya hapo sikuwaona paka wale, na sikuwa peke yangu. Walipofunguliwa tu kule karakana waliona kochi la mteja lililokuwa limelazwa chali, kitambaa cha chini kimechanika, wakazama humo ndani kati ya springi na mikanda. Shangazi akamwendea mteja na kumwambia kazi itachelewa. Hakusema uongo. Alisema kuna watu wanalikalia.

Akahamishia nyundo uani, kwa sababu kila ikilia kochi lilikuwa linaruka lenyewe. Ndani akafanya kazi za sindano tu. Aliweka chakula karibu na mguu wa kochi, akakaa mbali, akashona mgongo akiwa amewapa wao, akiongea na kitambaa. Asubuhi sahani ilikuwa tupu. Hiyo tu ndiyo iliyokuwa habari yake, ukimuuliza wageni hawajambo, anakujibu, "Wamekula."

Baba yangu, kaka yake mkubwa, alikuja siku moja, akainama kuchungulia, akainuka mikono mitupu. "Dada, paka unayemlisha na humwoni, tofauti yake na panya ni nini?"

"Panya hajarudishwa na mtu," akajibu shangazi.

 Tulipokuwa tunarudi kwenye pikapu ndipo baba aliponieleza jambo ambalo sikuwa nalijua. Shangazi alipokuwa msichana mdogo alipelekwa kuishi na ndugu mmoja wa mbali mwenye uwezo, akasome huko. Hakumaliza hata muhula. Wakamleta mpaka mlangoni na kibegi chake, wakamwambia bibi, "Mtoto huyu hasemi, tunaishi naye kama kivuli." Bibi akawakaribisha chai. Jambo hilo, la kukaribishwa chai, ndilo lililokuwa bado linamkera baba baada ya miaka yote hiyo.

Nilipojaribu kumgusia shangazi habari hiyo, alinikata. "Usinifanye paka. Mimi niliporudi nilijua ninarudi kwetu. Hawa wanarudi wapi?"

Wa kijivu ndiye aliyetangulia. Shangazi alikuwa anashona kona ya mto kwa ile sindano yake iliyopinda, uzi unakwenda na kurudi, mara akasikia uzi umekuwa mzito. Akautazama. Mwisho wa uzi palikuwa na kikono cha kijivu. Akauvuta pole, kikono kikafuata. Alishona kona ile, akaifumua, akaishona tena, mpaka giza lilipoingia. Paka huyo akamwita Uzi. Mweusi akamwita Pindo, kwa kuwa kila alipomwona alikuwa kwenye upindo wa kitambaa fulani, ananing'inia kati ya kutoka na kutotoka. Pindo alichelewa sana. Siku alipotoka alikwenda moja kwa moja akalala juu ya mguu wa shangazi, na mimi nikapigiwa simu niache shughuli zangu, niende nikampe mkasi uliokuwa mezani, kwa sababu yeye hawezi kuinuka.

Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Siku moja mchana, mimi nimekwenda kumpelekea kitambaa, likasimama gari nje. Akashuka bwana, akashusha viti vya mezani vilivyochakaa makalio, akaviingiza ndani kimoja kimoja. Miwani ya jua kichwani. Hakumkumbuka shangazi, watu wa namna yake hawamkumbuki aliyepiga magoti. Shangazi alimtambua tangu mlangoni, lakini kazi ni kazi, akaanza kuvikagua viti.

Uzi alikuwa juu ya meza, anapigana na kipande cha utepe. Yule bwana akamwona, uso ukamchanua.

"Aah, paka mzuri! Mchangamfu! Hawa ndio niliokuwa nawataka mimi. Sisi tulikwenda kituo fulani tukapewa wabovu, hawachezi hata kidogo. Huyu unauza?"

Nilimwona Pindo akishuka kutoka kwenye rafu kama maji ya wino na kutokomea nyuma ya marobota. Sauti ile ilimtosha. Uzi naye akaacha utepe, akabaki ameganda, masikio yamelala.

Shangazi akakiweka kiti chini.

"Hukumbuki?"

"Nikumbuke nini?"

"Huyu ndiye uliyemtoa kwa fagio. Na yule aliyekukimbia sasa hivi ndiye mwenzake. Waliishi kwako, walikula kwako, na hukuwahi kuwatazama hata ukajua rangi zao!"

Bwana akacheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye. Akamtazama Uzi vizuri. Nilitaraji aone haya. Badala yake akakunja uso kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Kumbe walikuwa wazima. Basi kile kituo kilinizunguka." Akafikiri. "Mama, tuseme ukweli. Mimi ndiye niliyewachukua kwanza. Mwanangu mpaka leo anawaulizia. Kwa haki ni wangu. Nipe hata mmoja, huyu huyu, yule mwoga baki naye."

Sijui kama mmewahi kumwona mtu mdogo akijaa chumba. Shangazi hakupiga kelele. Alichukua kiti kimoja cha yule bwana, akatoka nacho, akakiweka kando ya gari. Akarudi, akachukua cha pili.

"Unafanya nini?"

"Nakurudishia. Viti vyako vibovu. Havichezi."

"Mama, una akili kweli wewe?"

"Mwanao akiwaulizia, mwambie uliwarudisha kwa sababu walimwogopa baba yake. Usimwambie walikuwa wabovu. Mtoto akishajua kwamba kwenu anayeogopa hurudishwa, na yeye ataanza kuficha uoga wake nyuma ya friji, na huko hutamfikia kwa fagio." Akachukua kiti cha tatu. "Unagawa ndugu wawili kama mkate! Huyu nipe, yule baki naye! Nani alikufundisha?"

Vingine nilivitoa mimi. Nakiri nilivitua kwa nguvu kidogo.

Bwana aliondoka akiapa kwamba atamharibia jina, na hilo angalau alilitimiza. Maneno yakazunguka kwamba yule fundi wa makochi ana wazimu, anafukuza wateja kwa ajili ya paka. Wengine wakahama kweli. Shangazi akasema Mungu yupo, akaendelea kushona. Kilichomtia hasira mpaka akashindwa kula ni kwamba Pindo alirudi nyuma ya marobota na hakutoka. Kazi yote ile ya sahani na mgongo na kunong'ona, ikabidi ianze upya, kwa sababu ya sauti ya mtu mmoja.

Alikwenda kituoni akiwa na hasira hizo hizo. Alimwambia mlezi kwamba tangu leo anayetaka paka aje kwanza akae nao sakafuni, asiposhikwa na uvivu wa kukaa ndipo apewe. Na walio waoga, wale wa kubanana kwenye kona, asimpe mtu yeyote kabla hajawaleta karakana. "Wakae kwangu mpaka watoke wenyewe. Halafu nitamwona kwa macho yangu huyo anayekuja kuwachukua."

Mlezi alidhani ni maneno ya hasira. Alipomletea boksi la kwanza alilileta kwa kusitasita, tayari kugeuza. Alimkuta Mama Makochi amekwishalaza kochi bovu chali uani chini ya kibanda, amelichana kitambaa cha chini makusudi, na Pindo, aliyekuwa ametoka jana yake tu, amekaa juu ya mkono wa kochi, anatazama nani anakuja.