Matairi kwenye Njia ya Kiboko

Naikumbuka Jumamosi moja ya kiangazi, mwanangu, wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni. Ndiyo, nakuita mwanangu. Wewe ni mtoto wa kaka yangu, hata kama ndevu zangu bado ni chache.

Bibi yako alikuwa na bustani ya lengalenga, yaani mchicha, karibu na ziwa. Wakati wa kiangazi vumbi linajaa mji mzima na mboga inataka maji asubuhi na jioni. Katikati ya bustani za pale kuna njia ambayo hakuna anayeilima. Ni ya kiboko. Jioni anatoka majini kwenda kula majani, na kila mkulima anamwachia apite.

Baba yako alikuwa fundi wa magari pale mtaani Buyenzi, na fundi akiona kitu kikuukuu anataka kukitumia. Siku ile alifunga gereji mapema, akaleta matairi mabovu kwa mkokoteni, akayapanga juu ya njia ile, akayajaza udongo na kupanda mboga.

Bibi yako akashika kiuno. "We mutoto, ondoa vitu vyako hapo!"

"Mama, udongo wa hapa ni muzuri. Na tairi zitamuzuia asipite."

"Kiboko ni taksi? Utamusimamisha na tairi?"

"Basi nitaondoa kesho, mama."

Kesho! Neno hilo linanichosha mpaka leo.

Jua likaanza kushuka. Bibi yako alikuwa ameinama na ndoo yake, mgongo ameupa ziwa. Kiboko akatoka majini, akafika kwenye matairi, akasimama, akapuliza pua. Kisha akageuka na kuingia kwenye matuta yetu, kule kule alikokuwa bibi yako.

Unanijua, mimi ni mtu wa haya. Hata salamu yangu watu huiomba mara ya pili. Lakini siku ile nilipiga kelele: "Mama, panda juu!" Akatupa ndoo, akakimbilia ukingo wa udongo, akaanguka, akaupanda kwa magoti. Kiboko akapita pale pale alipokuwa ameinama. Ndoo ikabaki bapa kama chapati.

Baba yako akamkimbilia. "Mama, nisamehe. Kiboko huyu mubaya sana."

"Apana! Usimusingizie munyama," bibi yako akasema huku akihema. "Yeye anaenda kula. Ni we umefunga njia yake. Toa tairi. Sasa, si kesho."

Baba yako akayatoa gizani, mimi nikimsaidia.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi naongeza, mwanangu: mara nyingi guu linalovunjika si lake, ni la aliyemwonya.

Na sasa nasikia wewe na wenzako mnataka kwenda wikendi hii kupiga picha na viboko, na mama yako akikukataza unajibu "nimesikia" bila kuinua macho. Mtu aliyesikia huonekana kwa miguu yake. Ukiambiwa toka, toka saa ile ile. Usisimame kati ya kiboko na maji, na njia ya mwenzako, awe mtu au mnyama, usiifunge.

Mungu akupe sikio jepesi, akuwekee mama yako miaka mingi, na kila utokapo akurudishe nyumbani mzima. Amina.